Kijiko cha Ngano Bukovica

"Na usiniite binamu," Zagorka alisema. "Mtu aliyempoteza mama yangu hana undugu na mimi."

"Nimempoteza mimi?" Milojica alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya meza, mgongo ukutani, mikono kifuani. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpasulia kuni. Wewe ulikuwa Linz, unakunywa kahawa na Waaustria."

"Nilikuwa kazini."

"Miaka yote hiyo kazini. Hongera. Kila jioni mama yako alikuwa ananiuliza kama simu ni nzima. Namwambia ni nzima, shangazi, ila haijalia tu."

Zagorka aliinua kifuniko cha sufuria kana kwamba atakirusha, akakirudisha juu ya jiko kwa kishindo. Macho yake yalikuwa mekundu na nywele hakuzichana tangu jana.

Inspekta Rosanda Tomović aliwaacha waendelee. Watu wakigombana huropoka mambo ambayo ukiwauliza kwa adabu watayaficha. Alikuwa amesimama dirishani, akisikiliza. Theluji ilikuwa imeziba nusu ya kioo, na nusu iliyobaki ilionyesha theluji nyingine ikishuka.

Alichokijua hadi wakati huo kilikuwa kifupi. Stamenka, mama yake Zagorka, mjane wa miaka sabini na kitu, hakuonekana tangu jana Jumamosi mchana. Kesho alitakiwa mahakamani mjini kuvunja mkataba wa matunzo aliofunga mwaka huuhuu na Milojica, mtoto wa kaka yake: Milojica amtunze mpaka afe, kisha nyumba na msitu wa nyuma viwe vyake. Miezi michache ilimtosha Stamenka kujuta. Asipofika kesho, shauri linatupwa na mkataba unabaki. Akifa kabla ya kesho, mkataba unabaki vilevile. Zagorka alikuwa amesafiri kutoka Austria ili asimame na mama yake mbele ya hakimu. Alifika jana jioni, theluji ikianza, akakuta kitanda kitupu.

Jambo la pili lilikuwa ndani ya friji. Rosanda alikuwa ameifungua asubuhi kabla hata hajavua koti, kwa sababu mwanawe wa pili ana sukari na yeye anajua watu hao wanaweka wapi uhai wao. Mlangoni mwa friji, kando ya mayai, kulikuwa na kalamu mbili za insulini. Stamenka hujidunga asubuhi na jioni. Jana jioni hakujidunga, leo asubuhi hakujidunga. Daktari aliyeulizwa kwa redio alisema mama wa umri huo ataanza kutapika, kisha atasinzia, na mtu akisinzia hivyo haamki tena. Mkimpata leo, alisema, nileteeni. Mkimpata kesho, msinisumbue.

Mlango ulisukumwa kwa bega. Konstebo Vidoje aliingia na theluji hadi magotini, redio mkononi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu na alikuwa anaulinda mwaka huo kuliko kitu kingine chochote.

"Bosi, wamempata yule bibi aliyeonekana kwenye basi jana."

Zagorka aligeuka.

"Tulia kwanza, dada," Vidoje alisema. "Si yeye. Kitambaa cheusi, ni kweli. Mkoba wa kahawia, ni kweli. Alishuka Bukovica ya Mto, kama dereva alivyosema. Ila ni bibi mwingine, alikwenda kumwangalia dada yake mgonjwa. Walipomgongea alidhani wamekuja kumkamata kwa ajili ya pombe anayopika."

"Kwa hiyo asubuhi nzima polisi walikuwa Bukovica isiyo yenyewe," Zagorka alisema.

"Dereva anasema mabibi wote wanavaa nyeusi, yeye angejuaje."

Bukovica ziko tatu, na hakuna mtu wa Bukovica anayetaja yake ni ipi. Mtu wa hii ya Juu husema Bukovica tu, na hizo nyingine mbili huziita kwa wale wengine. Mtu wa ile ya Chini, upande wa pili wa mlima, hufanya hivyohivyo. Rosanda alishafanya kazi wilaya hii muda wa kutosha kujua kwamba dereva wa basi akisema "nilimshusha Bukovica," kazi bado haijaanza. Lakini bibi wa basi ndiye alikuwa tumaini lao pekee, na sasa hakuwepo.

"Na greda ya kuondoa theluji?" Rosanda aliuliza.

"Imegeuza. Theluji imeporomoka chini ya kanisa. Gari letu liko upande huu, greda iko upande ule, na katikati kuna mlima mzima. Simu usahau, nguzo zimelala. Hata ile ya njiapanda, uliyokuwa unasoma matangazo ya vifo yaliyobandikwa juu yake wakati mimi navunja vidole kufunga minyororo ya matairi, imelala kifudifudi na maiti zake zote." Alivua glavu akapulizia vidole. "Mkuu anasema tukae hapahapa mpaka kesho."

"Mpaka kesho," Zagorka alirudia. Alikwenda mlangoni, akaufungua, akatazama nje, akaufunga. Alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi. "Tumefungiwa."

"Wote," Milojica alisema. "Hata mimi. Basi tuache kupigiana kelele."

Rosanda alivuta kiti, akakaa mbele yake. Meza ilikuwa nyembamba. Magoti yao yalikaribia kugusana. Jiko lilikuwa linaunguruma na chumba kilikuwa na joto la kumfanya mtu asikie harufu ya nguo za mwenzake. Milojica hakuwa na pa kusogea, na Rosanda alikuwa amekichagua kiti hicho kwa sababu hiyo.

"Nieleze jana."

"Tena?"

"Tena. Mara ya mwisho, kama utaieleza vizuri."

Milojica alitazama dari. "Tulikunywa kahawa. Shangazi akavaa, akachukua mkoba, akasema anawahi mjini, atalala kwa rafiki yake hadi Jumatatu. Nikamwambia nikupeleke kwa gari langu, akasema hataki. Tulikuwa hatuelewani, sifichi. Akateremka kwenda kupanda basi. Mimi nikalisha nguruwe, nikavaa shati safi, nikaenda slava kwa jirani, kwa Krsman. Siku ya Malaika Mkuu Bukovica nzima iko mezani. Nikakaa mpaka jua linazama, na asubuhi uliwauliza wakakwambia."

"Rafiki gani wa mjini?"

"Hakuniambia."

"Hana rafiki mjini," Zagorka alisema.

"Wewe ungejuaje?"

Rosanda aliinua kidole, wote wakanyamaza. Slava ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo, na kila ukoo una wake. "Slava. Uliingiaje?"

"Kwa mlango."

"Nieleze kama mtu asiyejua."

"Unaingia, unasema heri ya sikukuu. Unafanya ishara ya msalaba. Unapewa sahani ya ngano ya kuchemsha, unachota kijiko kimoja, unakula, kijiko unakitumbukiza kwenye glasi ya maji. Halafu unakaa na kula mpaka ushindwe kusimama. Wewe hujawahi kwenda slava, Inspekta?"

"Nimekwenda. Ngano ilikuwaje?"

"Ngano ni ngano."

"Kuna wanaoipika vizuri na kuna wasiojua."

Milojica alifikiri. "Ina njugu za jozi zilizosagwa. Sukari ya unga juu. Kavu kidogo, ilinikwama kooni. Nikakohoa."

"Nani alikushikia sahani?"

"Mwanamke mmoja. Sikumtazama usoni. Nani anatazama uso wakati nyama inanukia?"

Vidoje alicheka kwa pua. Rosanda hakucheka, lakini alilegea kidogo kwenye kiti. Ngano iliyomkwama mtu kooni haikuwa na sura ya kutungwa. Mwongo angesema ngano ilikuwa tamu sana, akamsifu mwenye nyumba. Mtu huyu alikula ngano jana, hilo alilikubali. Kama alikula kwa Krsman na kukaa hadi jua kuzama, basi hakuwa na nafasi ya kumpeleka mama yule popote, na yeye Rosanda alikuwa amepoteza siku akimbana mtu ambaye kosa lake lilikuwa tamaa tu.

"Na nyumba ya baba yako, Bukovica ya Chini?"

"Imefungwa tangu mzee afe. Muulize huyo, alishapiga simu."

"Nilipiga jana usiku kabla laini haijakatika," Zagorka alikiri. "Jirani alichungulia. Mlango una kufuli, bomba la moshi halina moshi."

"Unaona," Milojica alisema.

Rosanda aliinuka, akavaa koti. "Mzee Vidoje, huyu asitoke hata kwenda chooni bila wewe. Naenda kwa Krsman."

Kutoka uani kwa Stamenka hadi kwa Krsman mtu alikuwa amechimba mtaro kwenye theluji, upana wa mabega, kuta zake zikifika kifuani. Mtu akiingia humo hakuona kitu isipokuwa weupe mbele na weupe nyuma. Rosanda alitembea akisikia pumzi zake mwenyewe. Mwanga ulikuwa tayari umeanza kupungua, ingawa mchana ulikuwa haujakwisha.

Kwa Krsman slava ilikuwa siku ya pili, ile ya kumalizia mabaki. Meza ndefu ilikuwa bado imetandikwa, mshumaa mnene umesimama katikati, umezimwa. Krsman, mwanamume mpana mwenye masharubu ya mvi, alisimama alipomwona. Mkewe Ljeposava alikuja na kitambaa mkononi.

"Heri ya sikukuu, mwenye nyumba," Rosanda alisema. "Nimechelewa siku moja, na asubuhi niliuliza maswali bila kukusalimu."

"Hujachelewa, Inspekta. Karibu. Mungu akuzidishie."

Rosanda alifanya ishara ya msalaba, kisha akageukia pembeni mwa mlango, pale ambapo nyumbani kwake huwekwa meza ndogo yenye sahani. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na viatu.

"Nimekosa na ngano?" aliuliza. "Wamemaliza yote?"

Ljeposava alimtazama kama mtu aliyeingia na matope. "Ngano gani, mwanangu?"

"Ngano ya slava."

"Kwenu mnasherehekea nani?"

"Mtakatifu Nikola."

"Ndiyo hivyo. Nikola alikufa, Mungu amrehemu, mpikieni ngano. Sisi hapa tuna Malaika Mkuu. Kwani Malaika Mkuu amekufa?"

Krsman alicheka. "Padri anasema kila mwaka hakuna ubaya, pikeni tu. Mama yangu alimwambia padri, we baba, siku ukinionyesha kaburi la Mikaeli nitapika ngano. Bukovica nzima hakuna nyumba inayopika siku hiyo. Hata moja."

Rosanda alisimama na glavu moja mkononi. Ljeposava alikuwa ameshamsukumia kiti na sahani ya kabichi iliyofungiwa nyama.

"Krsman, jana Milojica alikuwa hapa?"

"Alikuwepo."

"Ulimwona?"

"Angekuwa wapi? Kila mtu alikuwa hapa."

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza, ulimwona kwa macho yako?"

Krsman alijikuna shingo. "Sikiliza, Inspekta. Mwenye slava hakai. Tangu asubuhi niko wima, chupa mkono huu, glasi mkono huu. Nyuso zinapita kama kondoo. Kwenye slava mgeni haalikwi na hahesabiwi. Wewe uliponiuliza asubuhi, huyo mtu ni jirani, amehamia majuzi. Nikisema hakuwepo ni kama nimesema hakukaribishwa kwangu. Nitamvunjiaje mtu heshima hivyo?"

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona," Krsman alikiri.

"Na wengine wote walionithibitishia asubuhi?"

"Waliona mimi nimesema ndiyo, wakasema ndiyo," Krsman alisema. "Mezani kwangu nani angenibishia?"

Ljeposava alimpiga mumewe begani kwa kitambaa. "Umemtolea mtu ushahidi mbele ya mshumaa wa Malaika, na hukumwona?"

Rosanda hakuwa akisikiliza tena. Milojica alizaliwa Bukovica ya Chini. Kwao, kama kwake Rosanda, ni Nikola, na ngano hupikwa. Hii ilikuwa sikukuu yake ya kwanza ya Malaika katika kijiji hiki, naye hakuihudhuria. Alipotakiwa kueleza slava, alieleza anayoijua, ile ya kwao. Lakini ile ngano kavu iliyomkwama kooni haikuwa ya kwenye mazoea. Aliila kweli, jana, mahali fulani.

"Ljeposava, jana, siku ya Malaika, nani duniani angepika ngano?"

"Mwenye maiti," Ljeposava alisema bila kufikiri. "Nani mwingine?"

Rosanda aliikumbuka nguzo ya njiapanda. Vidoje akilaani minyororo, na yeye ameegemea nguzo ili apate kinga ya upepo. Karatasi yenye ukingo mweusi, picha ya mzee mwenye kofia. Vukadin Šarčević. Arobaini yake ilikuwa isomwe Jumamosi, jana, makaburini, Bukovica ya Chini.

"Njia ya kutoka hapa kwenda Bukovica ya Chini," alisema, "inapita makaburi?"

"Inapita mlangoni kabisa," Krsman alisema. "Ukishuka pengo la mlima, kitu cha kwanza ni makaburi."

"Na siku ya arobaini wanawake wanasimama pale na sahani."

"Wanasimama barabarani. Huwezi kupita. Ukikataa kijiko umemtukana marehemu, utasemwa mpaka na wewe ufe." Krsman alianza kuelewa, na masharubu yake yakashuka. "Mungu wangu. Alipita na gari, wakamsimamisha."

"Vaa koti," Rosanda alisema. "Njoo."

Jikoni kwa Stamenka hakuna aliyekuwa amehama. Vidoje alikuwa amelala nusu, Zagorka anafuta meza iliyokwisha kufutwa. Milojica alimtazama Krsman akiingia nyuma ya Inspekta, na miguu yake ikarudi chini ya benchi.

Rosanda hakukaa. "Vukadin Šarčević ulimfahamu?"

"Vukadin yupi?"

"Yule uliyekula ngano yake jana."

Milojica alikishika kikombe chake. Kilikuwa kitupu.

"Hapa hawapiki ngano siku ya Malaika," Rosanda alisema. "Hukujua, kwa sababu hukuja. Jana palikuwa na mahali pamoja tu pa kula ngano kavu, nalo ni mlangoni mwa makaburi ya kwenu. Uliteremka na gari, wanawake wakakusimamisha, ukala ili wasikuangalie sana. Shangazi yako alikuwa kiti cha nyuma au ulikuwa umeshamshusha?"

"Niliwahi kusema sijaenda kwetu?"

"Umesema ulikuwa kwa Krsman."

"Krsman alisema nilikuwepo."

"Krsman anajirekebisha," Krsman alisema kutoka mlangoni. "Sikukuona, jirani. Samahani ni kwa Malaika, si kwako."

Zagorka alikuwa ameacha kufuta. "Jirani wa kule alichungulia," alisema polepole. "Nyumba haina moshi."

"Ndiyo maana hayupo kwenye nyumba." Rosanda alimgeukia Krsman. "Kule kila mzee ana kibanda cha kukaushia plamu. Baba yake alikuwa nacho?"

"Miaka yote. Alikuwa na tanuri la kukaushia, kibanda cha mawe nyuma ya shamba la miti, bondeni. Ukiwa barabarani hukioni, na moshi wake unabaki hukohuko chini."

Macho ya Milojica yalikwenda kwenye koti lake lililotundikwa kwenye msumari. Yalirudi haraka, lakini Vidoje, ambaye Rosanda alidhani amelala, alikuwa ameshainuka na kutia mkono mfukoni. Akatoa ufunguo mkubwa wa chuma, wa kufuli la kizamani, akauweka mezani kando ya kikombe.

Kuni zilipasuka jikoni.

"Mpaka kesho mchana tu," Milojica alisema. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo. "Akikosa mahakama, ningekwenda kumfungulia. Nilimwambia twende tukawashe mshumaa kaburini kwa baba, akakubali, ni kaka yake. Nilimwachia blanketi, kuni, mkate. Mimi si muuaji."

"Na insulini?"

"Nilidhani iko kwenye mkoba. Huwa anatembea nayo."

"Asubuhi nilipofungua friji ulikuwa umekaa hapohapo ulipo."

Milojica alitazama friji.

"Ulikuwa unaitazama," Rosanda alisema. "Ukanywa kahawa."

"Nilitaka kurudi usiku. Theluji ilikuwa imeziba pengo."

"Theluji haikukuziba mdomo," Zagorka alisema. Hakupaza sauti. Alimwendea, na Vidoje akasogea ili awe katikati, lakini Zagorka hakumgusa. Alisimama tu akimtazama, kitambaa kikidondosha maji juu ya kiatu chake.

Rosanda alichukua redio. Mkuu alisikika kwa vipande. Alimweleza kwa kifupi: yupo, tunajua alipo, Bukovica ya Chini, hana dawa. Mkuu akauliza Bukovica ipi. Rosanda akarudia. Kisha ikaja sauti ya upepo, kisha Mkuu tena: barabara ya Chini nayo imefungwa, greda itaanza kesho alfajiri, mtu yeyote asijaribu kuvuka mlima, hana haja ya kuzika polisi wawili. Ni amri, Rosanda, umenisikia?

"Nimekusikia," Rosanda alisema. "Nitaandika kwamba ulinikataza." Akampa Vidoje redio.

"Bosi," Vidoje alisema.

"Wewe unabaki. Una goti bovu na mwaka mmoja. Krsman, trekta lako lina minyororo?"

"Lina minyororo na koleo la mbele. Lakini juu pale kwenye pengo upepo unarundika theluji kupita kichwa cha mtu. Nimevuka mara moja tu wakati kama huu, na baba, na tulirudi kwa bahati."

"Nauliza kama litawaka."

Krsman alimtazama Zagorka, kisha akatazama ufunguo. "Litawaka," alisema. "Nimetoa ushahidi wa uongo mbele ya mshumaa. Sitakaa nakula kabichi." Akatoka, na punde wakasikia injini ikikohoa ng'ambo ya mtaro, ikafa, ikakohoa tena, ikashika.

Zagorka alikuwa ameshatoa kalamu za insulini kwenye friji. Alikuwa anazifunga kwenye mfuko wa nailoni na ametia theluji konzi moja ili zisiharibike.

"Acha hiyo," Rosanda alisema. "Ikiganda ni maji ya bure." Alimnyang'anya mfuko, akamwaga theluji kwenye sinki, akafungua vifungo vya koti, sweta na shati, akazitia kalamu ndani ya sidiria, moja kila upande. Vidoje akageukia ukuta. "Ndivyo ninavyombebea mwanangu tukienda mlimani. Nipe na sukari, isije dawa ikamshusha kupita kiasi, na chupa ya chai."

"Nakuja na wewe."

"Trekta lina nafasi ya watu watatu, na wa tatu ni huyu."

"Yeye?" Zagorka alisema. "Yeye ndiye utakayempa nafasi ya mama yangu?"

"Yeye anajua kibanda, anajua kufuli, na kama ametudanganya hata kidogo nataka adanganye akiwa na baridi kama mimi. Wewe washa kila jiko la nyumba hii, upashe kitanda, uchemshe maji. Tukirudi na mama yako, utakuwa na kazi mpaka uchoke."

Zagorka alifunga mdomo. Kisha akavua skafu yake ya sufi, ile nzuri ya Austria, akamfunga Rosanda kichwani kwa nguvu, kama mtu anavyomfunga mtoto anayekwenda shule.

"Inspekta, huwezi kunilazimisha," Milojica alisema. "Kuna sheria. Kuna amri, mimi mwenyewe nimeisikia."

"Vaa koti."

"Tutafia kule juu."

"Koti, Milojica."

Alivaa. Rosanda aliutia ufunguo mfukoni, akamsukuma mbele yake hadi nje, ndani ya mtaro, hadi uani ambako trekta lilikuwa linatetemeka na kutoa moshi mweusi. Alimkalisha juu ya kifuniko cha gurudumu la kushoto na kumfunga pingu mkono mmoja kwenye ufito wa chuma. Yeye akakaa juu ya gurudumu la kulia, akajishikilia, akabana mikono kifuani ili kalamu zisipoe. Juu yao mlima haukuonekana. Palionekana pengo tu, kijivu, mahali ambapo mbingu ilikuwa hafifu kidogo.

"Na tukikwama?" Milojica aliuliza. Meno yake yalikuwa yameanza kugongana.

"Basi utakuwa umefungiwa na sisi," Rosanda alisema, akampiga Krsman begani. Trekta likaishika theluji, likaanza kupanda.